Kiti Kimoja, Manesi Watano

Mkono wa mjomba ulinaswa kwenye kamba ya nanga saa mbili usiku, tukiwa tumejificha upepo nyuma ya kisiwa cha Shungimbili.

Kwa wasiopajua, Shungimbili ni kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Mafia, kwenye mkondo wa bahari unaotutenga na delta ya Rufiji. Hakina kijiji, hakina shule, hakina zahanati. Tangu mwaka 2007 ni eneo tengefu chini ya sheria za hifadhi za bahari, kwa hiyo pale hatuvui. Lakini kusi likikaza, chombo kidogo hakina ubishi. Unasogea upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, unatia nanga, unasubiri. Wazee wetu walikuwa wakipiga dago kwenye visiwa vya namna hii wiki nzima. Sisi tulitaka masaa mawili tu, upepo ulegee, turudi nyumbani.

Nilikuwa likizo ndefu. Bumu lilishakatika zamani, na mjomba aliniambia kama nataka nauli ya kurudia chuo basi nipande chombo, maana hela haipatikani kwa kulala barazani. Nikapanda. Siku ya tano ndiyo hiyo. Wimbi lilikinyanyua chombo wakati mjomba bado anafunga kamba, kamba ikakaza na mkono wake ndani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kata." Mwenzetu akakata kamba, nanga ikabaki chini, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa si vya kutazama.

Tulifika pwani ya Mafia saa nne na ushee. Maji yalikuwa yamekupwa, tukamshusha mbali, tukatembea naye kwenye tope huku nimeushika ule mkono nimeufunga kwa fulana yangu. Zahanati iliyokuwa karibu sitaitaja jina, na mtaona mbele kwamba sina ugomvi nayo. Taa ilikuwa inawaka. Ndani kulikuwa na nesi mmoja, na chumba cha pili kulikuwa na mama mwenye uchungu.

"Shikamoo sista, tuna mgonjwa."

"Marahaba. Namuona. Mkalishe hapo." Alimtazama mjomba mkononi kwa sekunde kama kumi, akaniletea bonge la pamba na bandeji, akanionyesha. "Bana hapa. Inua mkono uwe juu ya moyo wake. Usiachie, na usichungulie kila saa kuona kama damu imekata. Mimi naenda kwa mama, mtoto keshafika mlangoni."

Nikabana. Nilibana kwa masaa mawili na nusu. Mjomba alikuwa anasoma dua taratibu, mimi nahesabu vigae. Katikati yule nesi alitoka mara tatu, anatazama, anagusa ncha za vidole vilivyobaki, anarudi ndani. Kama saa saba kasoro tukasikia mtoto analia. Mjomba akasema "Alhamdulillah" kwa sauti kubwa kuliko yote aliyotoa usiku ule.

Ndipo nesi akaja kukaa na sisi. Alisafisha, akashona palipoweza kushonwa, akaandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya Kilindoni asubuhi. Wakati anashona nikamuuliza, kwa kutaka tu kupunguza ukimya, "Sista, hapa mko wangapi?"

Akauliza bila kuinua kichwa, "Kwenye karatasi au hapa?"

Kwenye kituo walikuwa wanne. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Mmoja ameitwa kwenye mafunzo. Tabibu aliyekuwa mkuu wa kituo alikuwa Kilindoni kufuatilia dawa na bahari ikamzuia gari lisipate abiria, yaani alikosa usafiri wa kurudi. Kwa hiyo usiku ule wanne walikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa kazini tangu asubuhi.

Mjomba alipoteza kidole kimoja na kingine hakikunji. Sisemi kingepona kama manesi wangekuwa wawili. Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba sasa hawezi kuvuta jarife, na kwamba nesi yule usiku ule alichagua sawasawa. Kilichobaki kunikera ni kwamba ilimbidi achague.

*

Semista ilipoanza, mhadhiri wetu wa takwimu alitupa kazi ya nyumbani. Chagua huduma moja katika wilaya unayotoka, kadiria mahitaji yake miaka ishirini mbele, onyesha njia. Wenzangu wengi walichukua madarasa na madawati, kwa sababu sisi ni watu wa elimu. Mimi nikaandika juu kabisa: Wauguzi, Mafia.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani Mafia. Sensa ya 2022 ikahesabu 66,180. Ongezeko la zaidi ya asilimia 42 kwa miaka kumi. Ukiiacha kasi hiyo iendelee, mwaka 2042 tutakuwa watu kama 134,000. Halafu nikatafuta kipimo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, katika mkakati wake wa kuelekea 2030, lilitumia kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Zidisha. Mafia ya sensa iliyopita inahitaji watu kama 295 wa kada hizo zikichanganywa pamoja. Mafia ya 2042 inahitaji karibu 600. Nikajaribu na taifa zima: watu 61,741,120 wa sensa ya 2022 wanatoa kama 275,000. Nikachora grafu nzuri ya rangi mbili, nikawasilisha.

Nilipata 9 kati ya 20. Chini mhadhiri aliandika kwa kalamu nyekundu: "Kuzidisha unajua. Hawa 600 watafanya kazi gani hasa, na watatoka wapi? Rudia."

Jamani, nilikasirika. Nikaenda kulalamika ofisini, na mzee wa watu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja. "Wewe ulisema umetoka kwenye visiwa. Uwiano wako unajua kwamba watu wako wako kwenye visiwa?"

Nikanyamaza. Uwiano haujui. Uwiano unadhani watu 66,180 wamekaa kwenye uwanja mmoja na manesi wamekaa katikati. Haujui kuna Jibondo, Juani, Chole na Bwejuu, kila kimoja na maji yake. Haujui kusi wala bamvua. Na mvuvi aliyetia nanga nyuma ya Shungimbili, sensa ikimkuta itamwandika palepale alipolala, lakini nesi hamfuati mvuvi. Nesi anapangwa kwa jengo.

*

Basi nikaanza upya, na safari hii nikaanza na yule nesi badala ya sensa.

Kumbe kuna njia nyingine, nayo inatoka Shirika hilohilo la Afya Duniani, inayoanza na mzigo wa kazi. Huulizi watu wangapi wanaishi hapa. Unauliza kazi zipi zinafanyika, kila moja inakula muda gani, na mfanyakazi mmoja ana masaa mangapi ya kweli kwa mwaka. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho, kwa hiyo tulihesabu pamoja, wewe na mimi, hata kama ulikimbia Hisabati kidato cha pili.

Mwaka una wiki 52. Siku tano kwa wiki ni siku 260. Toa likizo ya mwaka, siku 28 ambazo ukiondoa wikendi zinabaki kama 20. Zimebaki 240. Toa sikukuu, tuseme 15. Zimebaki 225. Toa siku za kuugua, mafunzo, misiba, na siku ya kwenda Kilindoni kwa shughuli za kikazi, tuseme nyingine 15. Zimebaki 210. Zidisha kwa masaa nane: masaa 1,680. Huyo ndiye mfanyakazi mmoja mzima, mwaminifu, asiyetega.

Sasa chukua kiti kimoja. Kiti cha muuguzi kwenye zahanati, ambacho tunataka kisikae wazi hata usiku, maana mimba haijui saa za kazi na kamba ya nanga haijui. Mwaka una siku 365, kila moja masaa 24. Ni masaa 8,760. Gawanya kwa 1,680. Unapata 5.2.

Watu watano na kipande. Kwa kiti kimoja. Ili kuwe na nesi mmoja, mmoja tu, saa zote za mwaka, bila mtu kuvunja mgongo, unahitaji kuajiri watano. Kituo chenye wanne, hata wote wakiwa wauguzi na wote wakiwa wazima, hakijafika kwenye kiti kimoja. Na usiku ule kulikuwa na haja ya viti viwili.

Nilipoliona jibu hilo ndipo nikaelewa kwa nini mwongozo wa ikama wa sekta ya afya wa mwaka 2014 uliitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Zamani ningesema wizara imejaza namba za kujifurahisha. Sasa naona ni hesabu ya likizo, usiku, uzazi na misiba. Watumishi ni binadamu, wanaugua na wanazaa kama wagonjwa wao.

*

Swali la pili la mhadhiri lilikuwa "watatoka wapi". Hapa nilimpigia simu dada yangu.

Dada ana stashahada ya uuguzi na ukunga. Ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ana miaka mitatu nyumbani, Mbagala, anauza maandazi asubuhi na juisi ya ukwaju mchana. Siku tatu kwa wiki anajitolea kwenye kituo kimoja cha afya, hapati mshahara, anapata nauli wakikumbuka. Nikamweleza hesabu yangu, kwamba Mafia tunahitaji manesi mamia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi ndo uhaba wenyewe. Niko hapa nakanda unga."

Hili ndilo jambo ambalo grafu yangu ya kwanza ililificha. Kuna makadirio mawili, na sisi tunayachanganya. Moja ni la mahitaji: watu wanahitaji manesi wangapi. La pili ni la mfuko: nafasi ngapi zitalipiwa. Nchi inaweza kuwa na uhaba mkubwa kwenye la kwanza, na wakati huohuo ikawa na manesi waliosomea, wenye leseni, wanaouza maandazi kwa sababu ya la pili. Vyote viwili ni kweli kwa siku moja, kwenye mtaa mmoja.

Wala si sisi peke yetu. Machi 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa Kenya, Tanzania ilitangaza kuwapeleka huko madaktari 500. Mahakama ya Kenya ikasimamisha mpango, na Aprili Rais Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba waajiriwe hapahapa. Fikiria: nchi yenye upungufu wa madaktari ilikuwa na mamia ya kutoa, kwa sababu walikuwa hawana ajira. Julai 2021 Kenya nayo ikasaini makubaliano na Uingereza ili manesi wake wasio na kazi wakafanye kazi kule. Wodi za Kenya hazikuwa zimejaa manesi. Dunia nzima inavutana shuka hilohilo fupi: Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya uuguzi ya 2025, linasema mwaka 2023 kulikuwa na manesi milioni 29.8 duniani na upungufu wa milioni 5.8, na kwamba upungufu huo unatarajiwa kushuka hadi milioni 4.1 ifikapo 2030, kama asilimia 70 yake ikiwa Afrika na nchi za Mashariki ya Mediterania. Yaani dunia itapumua kidogo, halafu tatizo litabaki kwetu.

Dada hajaomba kwenda nje. Amesema anafikiria Oman. Mama hataki kusikia.

*

Mtu anayekadiria watumishi anafikiri kama mtu mwenye pipa la maji. Anaangalia lililomo leo. Anaongeza linaloingia, yaani wahitimu walioajiriwa, siyo wahitimu wote. Anapunguza linalotoka: wanaostaafu, wanaokufa, wanaoacha, wanaohama. Kustaafu ndiko rahisi kuliko vyote, maana sheria imeweka miaka 60 na tarehe za kuzaliwa zimo kwenye mafaili. Hakuna sababu ya nchi kushtukizwa na kustaafu.

Lakini pipa lina kumbukumbu. Mwaka 1993, kwenye mageuzi ya uchumi, serikali ilisimamisha ajira mpya katika utumishi wa umma, na sekta ya afya ikakaa miaka bila kupokea damu mpya ya kutosha. Manesi ambao wangeajiriwa miaka ile wakiwa na miaka 25, leo wangekuwa na hamsini na kitu. Ndio wangekuwa matroni, wakuu wa vituo, wakunga wa kumwambia binti mgeni kazini "hapa usiogope, shika hivi". Hawapo, kwa sababu hawakuajiriwa. Mwaka 2016 ajira zilisimama tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 ukaja uhakiki wa vyeti uliowaondoa watumishi 9,932 serikalini, na afya ilikuwemo. Sibishani na uhakiki. Cheti feki kwenye chumba cha kujifungulia ni hatari. Nasema tu kwamba kila mwaka ambao mlango umefungwa unaacha shimo, na shimo lile linatembea na umri. Mwaka 2016 lilikuwa shimo la vijana. Mwaka 2046 litakuwa shimo la wazoefu.

Kuna juhudi, tuwe wakweli. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wa kufundisha watu 137,294 ndani ya miaka mitano. Mhudumu wa kijijini angeweza kumfundisha mjomba na wenzake namna ya kufunga jeraha kabla ya kufika nchi kavu, na mama yule angeweza kuambiwa mapema asogee karibu na hospitali. Huo ni msaada mkubwa. Ila hakai kwenye kile kiti usiku wala hashoni. Tukimhesabu kama nesi ili grafu ipendeze, tutakuwa tumejidanganya wenyewe.

*

Sasa nifike kwetu sisi, watu wa ualimu, maana najua kuna anayejiuliza kwa nini mwanafunzi wa elimu anahangaika na manesi.

Mwaka wa pili nilifanya mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja Mafia. Nafundisha Biolojia na Jiografia. Siku ya kwanza mkuu wa shule alinipokea kwa furaha iliyonitia wasiwasi, akanipa kidato cha kwanza mpaka cha tatu, Biolojia yote. Kemia haikuwa na mwalimu. Ratiba ilikuwa na vipindi vya Kemia, vimeandikwa vizuri, na vikifika wanafunzi wanafagia uwanja au wanasoma wenyewe. Nikajitia ushujaa nikafundisha na Kemia, nikiwa nasoma usiku kile nitakachosema asubuhi.

Wakati ule niliona ni tatizo la shule. Nilipokaa na pipa langu la maji ndipo nikaona bomba linaanzia wapi. Ili uingie stashahada ya uuguzi unahitaji kufaulu Kemia na Biolojia kidato cha nne. Msichana wa kidato cha pili leo ana miaka miwili mpaka mtihani, halafu mingine mitatu ya chuo, halafu mtihani wa leseni. Hiyo ni kama miaka sita kabla hajagusa mgonjwa peke yake. Akisubiri ajira kama dada yangu, tisa. Kwa hiyo nesi atakayekuwa kwenye kile kiti miaka tisa ijayo, kama atatoka Mafia, amekaa leo kwenye kipindi cha Kemia kisicho na mwalimu, ameshika fagio.

Ndiyo maana naamini upungufu wa manesi huanza kuonekana shuleni kabla haujafika wodini. Ukitaka kuukadiria mapema, usiende hospitali. Nenda ukatazame ratiba ya sekondari ya kata, uhesabu vipindi vya sayansi visivyo na mtu.

Utaniuliza, lazima nesi wa Mafia atoke Mafia? Si lazima. Yule nesi wa usiku ule, alivyokuwa anatamka, nadhani alitoka bara mbali. Lakini kila mtu anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu anapangiwa kisiwani, anafika Nyamisati, anatazama maji, anapiga simu kwa mjomba wake mwenye nafasi. Anayefika hakuti nyumba ya mtumishi, mchumba yuko Morogoro, chombo hakiondoki mpaka bahari itulie. Anakaa miaka miwili, anaomba uhamisho. Simlaumu. Anayejua bahari tangu utotoni, ambaye mama yake yuko hatua mia kutoka kituoni, ana sababu moja zaidi ya kubaki.

Na hapa ndipo niliposhindwa kuendelea kuandika kwa usiku mmoja mzima. Kwa sababu hayo yote niliyosema kuhusu nesi, yanasemeka kuhusu mimi. Mimi ni mwalimu wa sayansi ajaye, nimezaliwa Mafia. Kwenye makadirio ya mtu fulani, mahali fulani, mimi ni moja ya namba zinazotakiwa kuingia kwenye pipa. Na kusema kweli, mpaka mwaka jana mipango yangu ilikuwa Dar. Nilishaongea na rafiki kuhusu shule binafsi ya Tabata inayolipa vizuri. Nilikuwa nalalamika kuhusu manesi wasiokaa kisiwani huku nimeshafungasha.

Sijaamua bado. Nisijifanye shujaa kwenye karatasi, maana nimeshaona wengi walioandika vizuri kuhusu vijijini wakiwa Sinza. Nimefanya jambo moja tu. Fomu ya mazoezi ya kufundisha ya mwaka huu, kwenye mstari wa kituo, nimeandika tena Mafia, na kwenye masomo nimeongeza Kemia. Naisoma sasa, safari hii kabla ya asubuhi.

Kazi ya takwimu niliirudia. Nikaondoa grafu ya rangi. Nikaweka kiti kimoja na manesi watano, nikaweka pipa, nikaweka ratiba ya shule yenye vipindi vitupu, na mwisho nikaandika makadirio matatu badala ya moja: Mafia itakavyokuwa ajira zikiendelea kama sasa, zikisimama tena miaka mitatu, na zikifunguka pamoja na walimu wa sayansi. Niliandika pia kwamba hata kwenye lile zuri kabisa, miaka sita ya mwanzo haibadiliki sana, kwa sababu wasichana wenyewe bado wako darasani. Nilipata 16. Mhadhiri aliandika, "Sasa unaweza kubishana na mtu."

Nilimsomea mjomba kwenye simu ile sehemu ya kiti. Alisikiliza, akauliza mara mbili, watano kweli? Nikamwambia watano na kipande, mjomba. Akafikiri kidogo.

"Basi yule binti," akasema, "usiku ule alikuwa watu kumi."

Nimepiga hesabu. Viti viwili, mara watano. Mzee hajawahi kukaa darasa la takwimu, lakini alikuwa sahihi.